Mabuti ya Jumamosi

Jumatatu, 3 Machi

Leo kliniki. Nesi wa miguu ni msichana mpole mwenye mikono ya baridi – naambiwa ni ya baridi. Kanilaza, kaniambia nifumbe macho. Yeye atanigusa nyayo kwa uzi mgumu wa nailoni, mimi kila nikihisi niseme ndiyo. Rahisi! Nikafumba. Nikasikiliza pumzi yake, nikaukamata mwendo wake: anavuta pumzi, anagusa, anaandika. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Nikajiona mjanja kweli.

“Mama,” kasema, “bado sijakugusa. Nilikuwa natafuta kalamu.”

Nikafumbua macho. Binti yangu kitinda mimba, aliyenisindikiza, alikuwa anatazama ukuta. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Maneno ya nesi, nayaandika ili nisije nikajidai nimesahau. Kisukari kimekula hisia zote kuanzia vidole mpaka kifundo, miguu yote miwili. Kidonda cha mwaka jana kilichukua miezi minne kupona, tena kwa bahati. Kikija kingine watakata. Si kidole – mguu. Na cha kuogopa, kasema, si kisu wala moto. Ni vitu vidogo: kiatu kinachosugua, changarawe ndani ya soksi, mguu kushinda umelowa na mwenyewe hana habari.

Ndipo kitinda mimba akatoa siri yangu. Kamsimulia nesi habari za mto. Kila Jumamosi, saa nzima kwenda kwa miguu juu ya mawe, saa nzima kurudi, na katikati kusimama majini na ndoano pamoja na shemeji yangu. Na kwamba mabuti yangu ya zamani yana ufa chini ya kidole gumba, ufa wa kupitisha ukucha – kauona jana, mimi nimeyavaa Jumamosi tatu sijui lolote. Nesi akaandika, akaandika. Akasema basi, mto uishe.

Tulipofika nyumbani mabuti yakaenda moja kwa moja kwenye pipa la taka. Hakuniuliza. Nami sikumzuia, maana yamepasuka kweli. Lakini nikamwambia nitanunua mengine. Akauliza kama nimemsikia nesi. Nimemsikia vizuri sana, nikasema: kakataza kiatu kinachosugua na kiatu kinachoingiza maji. Basi nitanunua kisichosugua na kisichoingiza maji. Miguu imekufa ganzi, kichwa hakijafa.

Kaenda jikoni kugonganisha sufuria.

Jumanne, 4 Machi

Mtu wa kunifundisha kuchagua mabuti – mimi!

Miaka ishirini na saba kiwanda cha mabuti, kumi na tisa kati ya hiyo chumba cha maji. Wengine walikata ngozi, wengine walishona, mimi nililoweka miguu. Birika refu la bati, benchi, sisi wanne tumekaa na soksi nyembamba za pamba na mabuti mapya, maji juu ya kifundo. Kisigino juu, kisigino chini, mara elfu moja. Ukihisi unyevu unataja mahali. Kulia, kidole cha mwisho, mshono wa pili. Msimamizi anapiga alama ya chaki, buti linarudi kwa washonaji. Kuna siku nilitaja kabla soksi haijabadilika rangi. Wakanipachika jina, Kipimo, na mpaka leo wapo wanaolitumia wakikutana nami njiani. Mhandisi alipoleta mashine yenye balbu walinishindanisha nayo kutwa nzima. Kila mara balbu iliwaka mimi nimeshataja. Mashine ikabaki, mimi nikapunguzwa kazini.

Sasa ninachotaka.

Si ya mpira. Kila mtu ataniambia ya mpira! Ya mpira hayaingizi maji, sawa, lakini hayatoi jasho, na jasho nalo ni maji. Tena kisigino kinapanda na kushuka humo ndani, na baada ya saa moja ya mawe lengelenge limeshazaliwa. Nataka ya kufunga kwa kamba, yafike nusu ya muundi. Ulimi uwe umeshonwa pamoja na pande zake mpaka juu, maana ulimi ulio wazi ni mlango wa maji. Mishono michache mbele. Soli nene yenye meno, kwa ajili ya yale mawe ya utelezi. Ndani bitana laini, isiyo na mshono vidoleni. Nafasi ya soksi nene. Na niyapime jioni, miguu ikishavimba, si asubuhi.

Nimeyaandika kwenye karatasi na kuibandika mlangoni mwa jokofu. Kitinda mimba kasoma yote, kanywa maji, kaondoka.

Jumatano, 5 Machi

Duka la kwanza. Muuzaji mwenye shati la kubana kaniambia mabuti yake unaweza hata kuogelea nayo. Nikamuuliza kama ameshaogelea nayo. Kasema imeandikwa kwenye boksi. Nikaingiza mkono: ulimi uko wazi pande zote mbili. Nikamshukuru, nikatoka.

Duka la pili liko kona, jirani na wauza vioo. Mwenye Duka ni mtu wa makamo, miwani kwenye kamba, redio inakoroma siku nzima. Huyu anajua mali yake – ananusa ngozi kabla ya kukupa. Nikamwambia sinunui buti nisilolilowesha. Akasema ukililowesha umelinunua. Tukavutana mpaka wateja wawili wakaacha kazi yao wakatusikiliza. Mwisho nikampa sharti langu: aweke beseni la maji hapo hapo dukani, nikae nitikise mguu mara elfu mbele ya watu. Likiingiza, halinihusu. Lisipoingiza nalinunua, na watu wote wameshuhudia. Nikaona miwani inapanda puani. Tangazo la bure! Kesho saa kumi jioni.

Nilimpitia shemeji kwenye kibanda chake cha kutengeneza saa. Kainama juu ya saa ya mtu, lenzi jichoni. Ni mdogo wake marehemu mume wangu, mzito wa kutembea, mwepesi wa maneno. Kasema miaka kumi na mmoja amenivumilia nikivua samaki wakubwa kuliko wake, sasa Mungu amemkumbuka. Nikamwambia hajakumbukwa na Mungu, amekumbukwa na nesi, na nesi mimi namweza.

Alhamisi, 6 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Walikuja watu zaidi ya kumi. Beseni la bluu katikati ya duka, kiti changu, mabuti meusi niliyoyachagua kwa mikono yangu, soksi nyembamba za pamba kama zamani. Kisigino juu, kisigino chini. Nilihesabu kwa sauti, na jamani, nilifurahi! Mgongo ulinyooka wenyewe. Mia tatu. Mia sita. Fundi bomba mmoja aliyekuja kutafuta mabuti ya kazi alikaa juu ya maboksi ananitazama kama anatazama mpira wa fainali. Elfu moja. Nikainua mikono juu nikatangaza: makavu! Wakapiga makofi. Fundi bomba akanunua jozi ya aina ile ile, akayavaa, akaondoka nayo kazini.

Kisha nikavua.

Soksi ya kushoto ilikuwa imelowa mpaka kisiginoni. Si unyevu. Ile ya kukamua. Niliikamua, ikatoa maji.

Watu walikuwa wameshatawanyika. Mwenye Duka aliona. Aliitazama soksi, akanitazama mimi, akasema taratibu kwamba ni jasho. Nikamuuliza jasho gani la kujaza kikombe. Ndipo akasema nichague jozi yoyote niipendayo, iwe zawadi yangu, na hii ya leo tusiiongelee. Jozi yoyote! Kazungusha mkono rafu zote.

Nimetoka na viatu vyangu bila soksi na bila zawadi. Nimepita njia ya nyuma ili nisikutane na mtu. Kliniki nilidanganya, na nilijua nadanganya. Leo sikudanganya. Leo nilikuwa na hakika. Mguu umekaa majini, na mimi nimeinua mikono nikawaambia watu makavu. Naogopa. Nimeshaliandika, basi.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi bomba hupatikana nyuma ya maghala ya mbao. Nimekwenda asubuhi, nikamkuta ndani ya shimo, bomba limepasuka, tope mpaka magotini. Nikamwambia mabuti yake yanaingiza maji, na mimi ndiye niliyesema hayaingizi, na sababu ni kwamba miguu yangu haisikii tena. Ndiyo mara ya kwanza kulisema kwa mdomo wangu kwa mtu asiye na koti jeupe. Kasema aliyahisi maji kabla hajavuka barabara ya pili, ila mwanzoni alidhani ni yeye aliyekanyaga vibaya, kwa sababu yule mama alionekana mtaalamu. Akacheka, si kwa ubaya.

Nikamwambia ayarudishe. Kumbe alishayarudisha jana ile ile, kakataliwa. Mali imetumika, kaambiwa.

Hapo hofu ya jana ikaondoka, ikaja hasira. Hasira naiweza.

Kitinda mimba sijamwambia kitu. Usiku kanikuta nimekaa kitandani natazama nyayo kwa kioo cha kunyolea cha baba yake. Kauliza kuna nini. Hakuna, nazitazama tu, ni zangu.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji kaenda peke yake. Alipita na ufito wa kuvulia begani, kasimama dirishani, katafuta utani, hakuupata. Jioni kaleta perege wawili. Nimewakaanga. Sikula.

Jumatatu, 10 Machi

Leo vita!

Saa tatu asubuhi nilikuwa mbele ya duka, kigoda changu, beseni langu, na mabuti ya fundi bomba, ambayo kaniazima kwa furaha. Sikupiga kelele. Sikumtukana mtu. Kila mteja akikaribia namwita aje aone. Nasokomeza gazeti kavu ndani ya buti, nalizamisha mpaka kifundoni, nalikunja kwa mikono mara mia, natoa gazeti. Chepechepe. Mtu anaguna, anaondoka. Mwenye Duka akatoka akasema naharibu biashara. Nikasema nafanya kazi yangu ya zamani, tofauti ni kwamba leo silipwi. Akasema ataita askari. Nikamwambia aite, hata askari wanahitaji mabuti.

Aliita kweli. Alikuja mmoja, kanenepa, buti lake la kushoto limechanika ubavuni. Katazama onyesho zima mwanzo mpaka mwisho, kauliza maswali mawili ya maana, kaenda zake.

Kufikia saa sita fundi bomba alikuwa amerudishiwa chake chote.

Halafu likatokea nisilolitegemea. Mwenye Duka katoka na vikombe viwili vya chai na stuli, kakaa pembeni yangu. Kauliza kwa dhati: nataka mabuti, au nataka kumfungia duka? Nataka mabuti, nikasema. Ya kutembea na ya kuvulia, yasiyoingiza maji na yasiyosugua, kwa sababu nikikosea naukosa mguu. Kaingia, katoka na jozi tatu kwenye mfuko. Nikae nazo nyumbani wiki mbili, soli zisiguse udongo, nichague moja nirudishe mbili, na tafadhali kigoda kiondoke. Nikamuuliza kwa nini. Kasema mama yake naye alikatwa mguu. Akaingia ndani akaongeza sauti ya redio.

Jumanne, 11 Machi

Safari hii kwa gazeti na beseni, bila majivuno. Mikono yangu bado inasikia. Jozi ya kijani imelowa kwenye mshono wa nyuma – nje! Zimebaki ya kahawia na ya kijivu. Mara elfu kila buti, mikono imechoka, gazeti kavu. Nimeliweka shavuni kuhakikisha. Kavu.

Lakini maji ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kusugua, na gazeti halisuguliki. Nimevaa ya kahawia nikatembea ukumbini. Mazuri sana. Nimevaa ya kijivu. Mazuri sana. Nikachukua kizibo cha soda, nikakitia makusudi ndani ya la kijivu chini ya kisigino, nikakanyaga taratibu kutoka kwenye kiti mpaka dirishani. Mazuri sana.

Nikakaa chini.

Ipo miguu mingine duniani inayofanana na hii. Kidole cha pili kirefu kuliko gumba, kisigino chembamba, saizi ile ile. Niliizaa mwenyewe. Iko chumba cha pili, imewekwa juu ya mto wa kitanda, mwenyewe anaangalia simu.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwomba. Sikuzunguka mbuyu wala ukuta. Nimesema avae jozi hizi mbili, moja baada ya nyingine, atembee nazo humu ndani wiki nzima, aniambie zinasugua wapi.

Kakataa. Hakupandisha sauti.

“Mama, nimekiosha kile kidonda asubuhi na jioni miezi minne. Wewe ulikuwa unaangalia dari. Mimi nilikuwa naangalia mfupa. Sitakusaidia kurudi kule.”

Sikujua kama uliona mfupa, mwanangu. Hakuna aliyeniambia kwamba ulikuwa unaonekana.

Lakini nami nikasema yangu. Nimelea watoto wanne. Nimezika mume. Miguu hii nimeiuza kiwandani mpaka ikapauka. Katika yote hayo kitu kimoja tu ni changu, ile Jumamosi na ule mto. Sikuupata kwa baba yenu, sikuupata kazini. Niliuanza nina miaka hamsini, nyinyi wenyewe mkinicheka kwamba mama anakwenda kusimama kwenye matope. Nikimaliza wiki sijaenda, najiona kama kabati la nyumba hii. Nikamuuliza, kama unaniondolea huo, unanitunza kwa ajili ya nini?

Kafunga mlango wa chumba chake polepole, mpaka nikasikia kitasa kinabana.

Alhamisi, 13 Machi

Hatusemezani. Chumvi anaiomba kwa kunyoosha kidole. Nami nampa kwa kuisukuma.

Ijumaa, 14 Machi

Jioni nikasikia hatua koridoni. Nzito, za soli yenye meno. Kavaa ya kahawia. Kapita mbele yangu bila kunitazama, kaenda jikoni, karudi, kaenda tena. Nikajifanya nasikiliza taarifa ya habari. Sijui hata neno moja lililosomwa.

Baada ya nusu saa kasema yanabana, pembeni mwa kidole kidogo. Kavaa ya kijivu. Nusu saa nyingine. Yanasugua, kisigino.

Yote mawili! Angalia bahati hiyo! Mtu asiyetaka niende ndiye ninayemtegemea aniambie kama niende, na sina pa kumhakiki. Maji nayashika kwa mkono wangu. Maumivu ya mtu nayashika wapi? Nimemwambia waziwazi: unasema hivyo ili nikae nyumbani.

Kanitazama. Kafungua kamba moja moja, kayaweka mabuti sawasawa chini ya kiti, kaenda kulala saa mbili kasorobo.

Jumamosi, 15 Machi

Shemeji kapita. Nimefunga dirisha. Kitinda mimba kutwa anapiga deki, anafua, anapiga pasi, na yale ya kijivu mguuni. Sijui anataka nini.

Jumapili, 16 Machi

Asubuhi nakunywa chai, kaja, kavuta kiti, kaniwekea mguu mapajani. Lengelenge kisiginoni, kubwa kama kifungo cha koti, limeshapasuka, nyama nyekundu. Alishinda na yale mabuti jana tangu asubuhi mpaka saa moja ya usiku. Ili anionyeshe.

Huo ungekuwa mguu wangu. Na ningelala nao, ningeamka nao, mpaka siku soksi ingeanza kunuka.

Nimemsafisha mwenyewe. Maji ya chumvi, kitambaa kisafi. Kila nikigusa anavuta pumzi, na nikamwonea wivu kwa hilo – ndiyo, wivu, naandika ukweli. Yeye alikuwa anaangalia dari. Nikamwomba radhi. Nililisema neno lenyewe, nisamehe, ingawa mdomo wangu haujalizoea. Akasema haya, yameisha. Halafu, nikiwa nafunga kitambaa, akasema yale ya kahawia si mabaya. Yanabana kwa sababu ni mapya, na pengine yanataka saizi moja juu.

Pengine! Yeye ndiye kasema pengine, si mimi!

Jumanne, 18 Machi

Mwenye Duka kabadilisha. Kahawia, saizi moja juu. Kayapaka mafuta ya ngozi yeye mwenyewe, kidole kikipita kila mshono, na kanipa soksi mbili nene za sufi bila kunitazama. Nimelipa. Soli ni zangu sasa, ziguse udongo zitakavyo.

Nyumbani: beseni, gazeti, mara elfu. Kavu. Kitinda mimba kayavaa saa hiyo hiyo, juu ya bandeji.

Alhamisi, 20 Machi

Siku ya pili anakwenda nayo kazini. Kaunta ya posta, sketi ya kazi, na chini yake mabuti ya kuvulia samaki! Wenzake wamemcheka mpaka machozi. Kasema wacheke. Mkuu wake kamwambia avae viatu vya heshima. Kamjibu kwamba miguu iko nyuma ya kaunta, na heshima iko mbele. Nilitaka kumkumbatia, nikaishia kumwongezea mboga.

Nikimuuliza yanabana, anasema subiri. Nikimuuliza yanasugua, anasema subiri. Hajawahi mtu kunisubirisha hivi.

Nimempigia nesi simu. Kasema hawezi kusema ndiyo. Nikakaa kimya mpaka akachoka. Kasema kama ni lazima, basi soksi zikaguliwe, mkono uingizwe ndani ya kiatu kabla ya mguu, nusu saa majini na si dakika zaidi, jioni kioo, na kamba zisikazwe sana, maana kamba nayo inaweza kuua mguu ambao hausikii. Nimeandika yote. Nimelihesabu kuwa ndiyo.

Jumamosi, 22 Machi

Niko mtoni. Naandika nimekaa juu ya jiwe, daftari gotini, kalamu ya shemeji.

Tumekuja watatu. Mimi na viatu vyangu vya kwendea kliniki, polepole, nikitazama kila ninapokanyaga, kwa sababu macho ndiyo nyayo zangu siku hizi. Yeye na mabuti. Shemeji nyuma na fito zote, analalamika kwa niaba yetu sote. Saa moja imekuwa saa moja na nusu. Kitinda mimba hajawahi kufika huku, miaka yote kumi na mmoja. Tulipotokea kwenye matete akasimama. Hakusema pazuri. Kasema kumbe matete yakiisha tu ni maji.

Kaingia bila kuambiwa. Kauliza huwa nasimama wapi, nikamwonyesha, pale penye mkondo, juu ya mawe bapa. Maji nusu ya muundi. Shemeji kamnyooshea ufito, kaukataa. Kasimama tu, nusu saa kwa saa ya shemeji, mara mguu huu mara ule, kisigino juu, kisigino chini, kichwa kimeinama. Anaisikiliza miguu. Hakuna aliyemfundisha. Nikaona aibu kumtazama na nikashindwa kuacha.

Katoka. Kakaa kwenye changarawe, kavua. Soksi zake nimezishika mwenyewe, ya kulia na ya kushoto, kila kidole. Kavu. Kisha nikamtazama kwa lile lingine, lile nisiloweza kulishika.

“Hayabani, Mama,” kasema.

Nikauliza tena. Hayabani popote, kasema, na hayasugui. Alilisema kwa shida, macho yakiwa kwenye maji. Angeweza kusema yanabana. Neno moja tu, ningerudi nyumbani nikakae, na nisingejua kamwe.

Sasa kapiga magoti mbele yangu. Kazigeuza soksi za sufi nje ndani, anatafuta uzi, anatafuta mchanga. Kanivalisha. Kaingiza mkono ndani ya buti la kulia mpaka mwisho, kisha la kushoto. Kaniingiza mguu wa kulia. Kaniingiza mguu wa kushoto. Shemeji ameshatia chambo, ananiita, kasema leo wapo wengi, wanagonga ndoano wenyewe, nifanye haraka kabla hajawamaliza.

Kitinda mimba kavuta kamba, tundu kwa tundu, mpaka juu.

“Nimekaza sana?” kaniuliza.

Jibu lilikuwa mdomoni tayari. Hapana, sawa kabisa, twende. Angeamini. Natazama mikono yake miwili juu ya muundi wangu, naiona jinsi inavyoshika, naona hata kucha zimekuwa nyeupe kwa kuvuta. Siihisi.

“Sijui, mwanangu,” nimemwambia. “Sijui kabisa. Sema wewe.”

Hajakaza, hajalegeza. Kainamisha kichwa, ncha mbili za kamba ziko mkononi. Mimi naandika, kwa sababu siwezi kumtazama usoni wala siwezi kutazama maji, na yeye bado anaitazama ile kamba.